Kupima presha nyumbani na kumfikishia daktari vipimo kwa simu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa meza ambako wagonjwa wa presha huweka madaftari yao siku ya kliniki, na lipo daftari moja ambalo sijalisahau. Mama mmoja wa makamo, anayetumia dawa mbili za presha na asiyekosa kliniki hata mwezi mmoja, alinikabidhi ukurasa wenye vipimo vya siku 30, na kila mstari ulisomeka 130/80. Wino ulikuwa mmoja na mwandiko ulikuwa na haraka ileile kuanzia tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Nilipompumzisha na kumpima, mashine ilitoa 168/98. Hakuwa na nia ya kudanganya, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, niliona hizo ndizo namba mnazozitaka." Mashine yake ya nyumbani ilikuwa nzima, na namba za kweli zilikuwa bado zimo kwenye kumbukumbu yake, ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hizo ndizo tulizozihitaji.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya daftari lile. Mashine ya presha haimtibu mtu, na simu haimtibu mtu. Kinachoshusha presha ni kipimo cha kweli kumfikia, kwa wakati, yule anayeweza kubadilisha dawa, kisha jibu lake kurudi kwa mgonjwa na kufuatwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hilo.

Ukubwa wa tatizo si wa kubahatisha. Utafiti wa STEPS, yaani ule wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani ile tunayoiita presha ya kupanda. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wanaishi na tatizo hili, na sehemu kubwa yao hawajui kwa sababu presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kupima nyumbani kunasaidia hata kwa wale wanaokwenda kliniki mara kwa mara, kwa kuwa wapo ambao presha yao hupanda kwa hofu wakimwona mhudumu tu, na wapo ambao kliniki huonekana salama ilhali nyumbani na kazini presha iko juu. Kundi la kwanza hupewa dawa wasizozihitaji, na la pili huachwa bila dawa hadi kiharusi kiwakute.

Hatua ya kwanza: chagua mashine ya mkono wa juu

Nunua mashine ya kielektroniki inayofungwa kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, na inayojijaza upepo yenyewe. Mashine za kifundo cha mkono zinavutia kwa udogo wake, lakini matokeo yake hubadilika sana kifundo kikiwa chini au juu ya usawa wa moyo, kwa hiyo zibaki kwa wale ambao mkanda wa mkono wa juu hauwezi kabisa kuwaenea. Za kidole ziache.

Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera zinahitaji onyo la peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuipima programu moja iliyokuwa imepakuliwa na watu wengi, wakakuta kwamba kati ya watu waliokuwa na presha ya juu kweli, karibu 8 katika 10 waliambiwa na programu hiyo kwamba hawana. Mtu aliyeambiwa yuko salama harudi kupima, na hapo ndipo penye hatari. Saa za mkononi zinazoonyesha presha nazo zisitumike kuamua dawa. Simu ina kazi kubwa katika safari hii, lakini kazi yake ni kutunza, kukumbusha na kutuma.

Kabla ya kulipa, tazama jina la toleo lililoandikwa chini ya mashine au ubavuni mwa boksi, kisha litafute kwenye orodha ya STRIDE BP inayopatikana bure kwenye intaneti. Orodha hiyo inataja mashine zilizojaribiwa na kuthibitishwa kwa njia za kisayansi. Linganisha herufi na tarakimu zote, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na toleo lililothibitishwa na jingine linalofanana nalo kwa sura ambalo halijathibitishwa. Ushauri huu unawahusu pia ndugu walioko Muscat, Dubai au London wanaotaka kumtumia mzazi mashine: mzazi akupe kwanza kipimo cha mkono wake, kama nitakavyoeleza sasa, ndipo ununue.

Hatua ya pili: pima mzunguko wa mkono

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa ya lazima kuliko uchaguzi wa kampuni. Chukua tepu ya fundi cherehani, tafuta katikati ya bega na kiwiko, uzungushe tepu bila kuikaza, kisha usome sentimita. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Mingine huenea kutoka 22 hadi 42, na upana huo huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Ikiwa mkono wako una sentimita 37 na mkanda unaishia 32, mashine itakubali kujaa na itatoa namba, lakini namba hiyo itakuwa imezidi.

Imezidi kwa kiasi gani? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipopimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu, yaani ile inayoandikwa kwanza, ilipanda kwa takriban 20 kupita ile ya kweli. Maana yake ni kwamba mtu mwenye 125 anaonekana ana 145, na anaanzishiwa dawa za maisha kwa kosa la kipande cha kitambaa. Mkanda mkubwa kupita kiasi kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume chake, huficha presha iliyopo. Mkanda wa saizi nyingine mara nyingi huuzwa peke yake, lakini uwe wa kampuni ileile na wa toleo linalokubaliana na mashine yako.

Hatua ya tatu: ipeleke mashine kliniki kabla ya kuiamini

Siku ya kliniki nenda na mashine yako pamoja na mkanda wake. Mwombe mhudumu akupime kwa mashine ya kliniki na kwa yako, kwa kupokezana, mara mbili au tatu kwenye mkono uleule. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwa sababu presha hubadilika kila dakika, lakini mashine yako ikizidi au kupungua kwa zaidi ya 10 kila mara, kwanza kagueni mkanda na mkao, kisha ikiendelea hivyo usiitegemee. Rudia ulinganisho huu kila mwaka, na pia mashine ikianguka.

Siku hiyohiyo upimwe mikono yote miwili. Mkono wenye namba kubwa zaidi ndio utakaoutumia nyumbani siku zote, na kama tofauti ya namba za juu ni zaidi ya 10 kila unaporudia, daktari aelezwe, kwa kuwa inaweza kuashiria mshipa uliosinyaa.

Mwisho, weka saa na tarehe ya mashine ziwe sahihi. Ukibadilisha betri, mashine nyingi husahau tarehe, na kumbukumbu yenye tarehe za uongo haiwezi kumsaidia daktari.

Hatua ya nne: tayarisha mwili na mahali

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, na usifanye kazi ya nguvu kama kuchota maji au kupanda ngazi na mizigo. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha kaa kimya kwa dakika 5. Nasisitiza neno kimya: kuongea, kusikiliza ugomvi wa taarifa ya habari, au kupitia ujumbe wa simu huku mashine ikijaa kunaharibu kipimo. Mashine hizi hufanya kazi kwa kuubana mshipa hadi damu isimame, halafu huulegeza polepole na kuhisi mitetemo midogo ya damu inapoanza kupita tena, kwa hiyo kila mtikisiko wa mkono huchanganyika na mitetemo hiyo.

Mkao unahitaji kiti chenye mgongo na meza. Najua nyumbani kwetu wengi hukaa kwenye mkeka, kigoda, baraza au ukingo wa kitanda, na hakuna ubaya wowote kwa maisha ya kawaida, lakini kwa dakika hizi chache tafuta kiti cha plastiki ukisogeze penye meza. Egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Mkono ulale juu ya meza, kiganja kikitazama juu, na katikati ya mkanda iwe usawa wa moyo, yaani usawa wa katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi, weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya mkono.

Kwa nini usawa wa moyo? Kwa sababu damu ina uzito. Mkono ukiwa chini ya moyo, uzito wa damu iliyo kati ya moyo na mkanda hujiongeza kwenye kipimo, na kila sentimita 10 za kushuka huongeza takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki, yaani 7 hadi 8 kwenye namba unazozisoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilipima jambo hili, na matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionyesha kwamba kuweka mkono mapajani kulizidisha namba ya juu kwa karibu 4, na kuuacha ukining'inia kulizidisha kwa zaidi ya 6. Ukijumlisha kosa la mkono, kosa la mkanda na gumzo la jirani, unaweza kupata mgonjwa asiyekuwepo.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi. Mikono ya kanzu, baibui au sweta isisukumwe juu hadi ikabana kama kamba, kwa kuwa hiyo nayo hubadilisha kipimo. Ni bora kuutoa mkono kabisa kwenye vazi ukiwa mahali pa faragha. Ukingo wa chini wa mkanda ukae kama upana wa vidole viwili juu ya kiwiko, mpira wake ukielekea chini upande wa ndani wa mkono, na vidole viwili viweze kupenya kati ya mkanda na ngozi.

Hatua ya tano: pima kwa utaratibu wa siku 7

Kipimo kimoja hakisemi mengi. Utaratibu unaokubalika na wataalamu ni wa siku 7 mfululizo kabla ya siku ya kliniki. Asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya dawa na kifungua kinywa, pima mara mbili ukiacha dakika 1 katikati. Jioni, kabla ya chakula au kabla ya kulala, pima tena mara mbili. Ukimaliza wiki utakuwa na vipimo 28. Vya siku ya kwanza huachwa, kwa kuwa mtu huwa bado na wasiwasi na ugeni wa mashine, na vinabaki 24. Ikishindikana kabisa, siku 3 ndizo za chini za kukubalika.

Kipimo cha kwanza kikitoka kikubwa na cha pili kidogo, usikifute cha kwanza. Viandike vyote.

Hatua ya sita: andika kilichoonekana, kisha kitume

Andika namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo kama yalivyosomeka. Usifanye 137 kuwa 140, wala 142 kuwa 140 ili ipendeze. Nikiona ukurasa ambao kila namba inaishia na sifuri, najua nasoma makisio. Mama yule wa 130/80 alinifundisha kwamba kosa hili mara nyingi ni letu sisi wahudumu: mgonjwa akikaripiwa kwa namba kubwa mara moja, mara ya pili ataleta ndogo. Kwa hiyo kama unamsimamia mzazi au mwenzi, pokea namba mbaya kwa uso uleule unaopokea nzuri.

Hapa ndipo simu inapoingia, na kuna njia tatu ambazo mtu anaweza kuchagua kulingana na simu aliyonayo. Ya kwanza ni kupiga picha ya uso wa mashine mara tu namba inapotokea. Picha hubeba tarehe na saa, haihitaji kujua kuandika, na mjukuu yeyote anaweza kusaidia. Kwa babu na bibi wengi mimi hupendekeza hii. Ya pili ni mashine zenye Bluetooth ambazo hutuma kipimo kwenye programu ya simu na kuchora mchoro wa wiki nzima. Ni nzuri, lakini hakikisha programu inaweza kutoa taarifa unayoweza kumtumia daktari, kwa sababu mchoro unaobaki ndani ya simu ni sawa na daftari lililobaki kabatini. Ya tatu ni ujumbe mfupi wa kawaida, unaokwenda hata kwa simu ya vibonyezo na hata bando likiisha. Usidharau njia hii.

Usimtumie mhudumu picha 28 moja moja kwa wiki nzima. Hatazisoma, si kwa kukosa moyo, bali kwa kuwa ana wagonjwa wengine kwenye foleni. Mtumie ujumbe mmoja uliokamilika, kwa mfano huu:

"Kadi namba (andika yako). Vipimo vya nyumbani tarehe 3 hadi 9, mkono wa kushoto. Wastani 142/86, vipimo 24, mapigo 70 hadi 78. Kikubwa zaidi 156/92, jioni ya tarehe 6 baada ya safari. Dawa: amlodipine miligramu 5 kila asubuhi, nilikosa tarehe 5. Miguu inavimba jioni."

Ujumbe huo unatosha kufanyia uamuzi. Unataja dawa iliyokosekana, na miguu kuvimba ni athari inayojulikana ya amlodipine, ambayo huwafanya wagonjwa wengi kuacha dawa kimyakimya badala ya kusema ili wabadilishiwe.

Kuhusu faragha, vipimo vyako ni siri yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tuma kwa namba uliyopewa na kliniki yenyewe. Kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pake, isipokuwa mgonjwa mwenyewe ameridhia. Mtoto aliyeko ng'ambo anayelipia dawa za mama anaweza kupokea wastani kila mwezi, na ni jambo jema, lakini mama aulizwe kwanza.

Hatua ya saba: piga wastani na uusome ipasavyo

Tumia kikokotoo cha simu. Jumlisha namba zote 24 za juu, gawanya kwa 24. Fanya hivyo pia kwa za chini. Katika mfano wetu namba za juu zilifika 3,408, na ukigawanya unapata 142. Za chini zilifika 2,064, na ukigawanya unapata 86.

Sasa, wengi hulinganisha wastani huo na 140/90 waliyoizoea. Hiyo ni mizani ya kliniki. Nyumbani mtu huwa ametulia zaidi, kwa hiyo mizani hushuka: wastani wa nyumbani wa 135/85 unalingana na 140/90 ya kliniki. Ikiwa namba moja tu kati ya hizo mbili imefika au imevuka hapo, presha iko juu, hata kama nyingine ni nzuri. Kwa hiyo 142/86 ya mfano wetu iko juu kwa namba zote mbili. Kwa wagonjwa fulani, kama wenye kisukari au ugonjwa wa figo, daktari anaweza kuweka lengo la chini zaidi, na kwa mzee dhaifu anayepata kizunguzungu anaweza kulegeza. Lengo lako liulize na uliandike kwenye kadi.

Hatua ya nane: kubaliana na daktari kabla ya kuondoka kliniki

Hapa ndipo mnyororo wote hukatika, na ndipo ninapoomba uweke nguvu zako. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti ulioitwa TASMINH4, uliochapishwa mwaka 2018, wenye washiriki 1,182 ambao presha yao ilikuwa haijadhibitiwa. Baadhi walitibiwa kwa vipimo vya kliniki kama kawaida, wengine walipima nyumbani na daktari akabadilisha dawa kwa kutumia vipimo hivyo, na wengine walivituma kwa simu. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ya waliotumia kliniki tu ilikuwa wastani wa 140, ya waliopima nyumbani bila kutuma kwa simu ilikuwa 137, na ya waliotuma ilikuwa 136. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwa mtu mmoja, lakini ikidumu kwa miaka huepusha viharusi vingi. Tafiti nyingine zilizounganisha matokeo ya majaribio mengi zimeonyesha upande wa pili: kujipima peke yake, bila ushauri na bila dawa kurekebishwa, hakushushi presha kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo usiondoke kliniki bila majibu ya maswali haya, ukiyauliza kwa heshima na kwa uwazi. Nitume vipimo kwa namba ipi, na nani atakayevisoma? Husomwa siku gani, nami nitarajie jibu baada ya siku ngapi? Wastani wangu ukiwa juu ya lengo, tutafanya nini: nitaongeza kidonge, nitaongezewa dawa ya pili, au nije? Ikiwa kliniki yako haipokei ujumbe, jibu ni hilohilo kwa njia nyingine: chapisha au andika wastani kwenye karatasi, uibandike kwenye kadi, na uitoe kabla hujafungwa mkanda wa kliniki.

Usibadilishe dawa mwenyewe nje ya makubaliano hayo. Usimeze kidonge cha jirani kwa kuwa na yeye ana presha. Baadhi ya dawa, kama enalapril na losartan, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Wala usiache dawa kwa sababu namba zimekuwa nzuri, maana ni dawa hizo zinazozifanya ziwe nzuri. Mwambie daktari pia dawa za maumivu unazonunua dukani, kwa kuwa diclofenac na ibuprofen hupandisha presha na huvuruga kazi ya dawa zake. Na chumvi isisahaulike: kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa jumla ya vyote vinavyoingia tumboni, ikiwamo iliyomo kwenye ng'onda, achari, chipsi na viungo vya mchemraba.

Kwenye simu weka kengele mbili. Moja ni ya dawa, ilie kila siku saa ileile. Nyingine ilie siku 7 kabla ya dawa kuisha, ili upate muda wa kutafuta pesa au duka lenye akiba. Kati ya zana zote za kidijitali nilizoona zikitumika, hii ya pili ndiyo imewaokoa wagonjwa wangu wengi zaidi, na haihitaji intaneti.

Hatua ya tisa: zijue namba ambazo hazisubiri ujumbe

Ukipata 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, kaa utulie dakika 5 na upime tena. Ikibaki hapo na ukawa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, maneno kutotamkika, kuona ukungu, kuchanganyikiwa, au kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi, nenda hospitali papo hapo. Dalili za kiharusi zikitokea usipoteze muda wa kurudia kipimo, hata kama namba ni ndogo. Usimpe mtu dawa ya kushusha presha kwa haraka chini ya ulimi. Kushuka kwa ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu. Kama hakuna dalili yoyote, piga simu kliniki siku hiyohiyo, ukiuliza pia kama kuna dozi uliyokosa. Ujumbe wa WhatsApp usiku haumpati mtu, kwa hiyo kwa dharura tumia miguu, bodaboda au gari.

Kwa mjamzito viwango ni vingine: 140/90 aripoti siku hiyo, na 160/110 ni dharura hata akijisikia vizuri.

Upande wa chini, anayepata chini ya 90/60 pamoja na kizunguzungu au kuzimia amwone daktari. Wazee wapimwe pia wakiwa wamesimama, dakika 1 na dakika 3 baada ya kuinuka, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi iandikwe kwenye ujumbe, kwa kuwa hao ndio wanaoanguka msalani alfajiri.

Wenye mapigo yasiyo na mpangilio wapime mara tatu badala ya mbili na watumie wastani, na alama ya onyo la mapigo hayo ikiwaka mara kwa mara kwenye mashine waionyeshe kwa daktari, kwani huenda ikahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Wanaofunga Ramadhani wapange na daktari wiki chache kabla ni dawa gani ihamie futari na ipi daku, hasa dawa za kuongeza mkojo, kisha wapime wiki ya kwanza ya mfungo.

Hatua ya kumi: presha ikishatulia

Wastani ukiwa chini ya lengo kwa wiki mbili tofauti, punguza. Wiki moja ya vipimo kabla ya kila siku ya kliniki inatosha, pamoja na wiki moja nyingine kila dawa inapobadilishwa. Wapo wanaopima mara kumi kwa siku, na kila namba huwatia hofu inayopandisha ile inayofuata. Mtu wa namna hiyo akabidhi mashine kwa mwanafamilia hadi wiki ya vipimo ifike. Mashine ikikaa kabatini zaidi ya mwezi, toa betri, hifadhi mkanda bila kuukunja, na siku ya kuirudisha mezani anza kwa kurekebisha saa na tarehe.